Jinsi ya kusoma ziwa la chumvi maji yakipanda au yakishuka (na usianze na flamingo)

Kila wiki kuna mtu ananipigia kutoka Kampala au Fort Portal ananiuliza, "Flamingo wapo Munyanyange au hawapo?" (Munyanyange ni ziwa dogo la chumvi hapa kwetu) na mi namjibu wapo au hawapo, basi, simu inakatwa. Hakuna anayeniuliza maji yamefika wapi. Na hilo ndo swali lenyewe, maana yule ndege anafuata chakula, chakula kinafuata chumvi, na chumvi inafuata wingi wa maji, kwa hiyo siku unakuta ndege wameondoka ujue umechelewa, ziwa lilishasema wiki kadhaa nyuma ila hakuna aliyelisikiliza.

Nimezaliwa huku Katwe, wilaya ya Kasese, Uganda, kando ya ziwa la chumvi lenye jina hilohilo, shangazi yangu ana vidimbwi vya kukaushia chumvi na mi natembeza wageni, ndo kazi yangu. Hii njia ninayoandika hapa sikuifundishwa chuoni, nimeiokota kidogo kidogo kwa kuangalia, kwa kukosea, na kwa kusoma vitu vya maziwa ya wenzetu. Unahitaji mti mmoja mgumu, yai bichi, simu yenye kamera na daftari, halafu uvumilivu wa angalau mwaka mmoja ili upite misimu yote miwili ya mvua na yote miwili ya jua. Ukifanya wiki mbili ukaacha hutaona kitu.

Kwanza elewa ni ziwa la namna gani

Ziwa George linapokea mito kutoka Rwenzori, maji yake yanapita mfereji wa Kazinga yanaingia Ziwa Edward, Edward nalo linatoa kwa mto Semliki mpaka Albert, na kutoka hapo Nile. Maji yanapita na chumvi yake inapita nayo, hakuna kinachorundikana. Ziwa Katwe halina mlango wa kutokea. Ni shimo la volkano, chemchemi zinaingia, mvua inaingia, na kinachotoka ni mvuke tu, na mvuke haubebi chumvi. Miaka na miaka chumvi inabaki inarundikana. Ukisimama juu ya ule ukingo unaotenganisha Katwe na Edward unaona upande mmoja maji ya samaki na viboko, upande wa pili maji ambayo ukijikata kidole usiyaguse, na ziwa la chumvi liko chini zaidi kuliko Edward kabisa, wageni huwa hawaamini mpaka uwaonyeshe kwa mkono.

Sasa hapa ndo pa kushika. Chumvi iliyomo ndani haibadiliki haraka, kinachobadilika haraka ni maji. Ni kama chai uliyoshatia sukari, ukiongeza maji sukari ni ileile ila utamu umepungua, ukiiacha jikoni ikakauka nusu inakuwa shira. Chukua ziwa la kina cha mita 1 lenye chumvi gramu 60 kwa lita, tuseme kingo zake zimesimama wima ili hesabu iwe rahisi. Mvua ikiliongeza sentimita 20 tu, chumvi inashuka mpaka gramu 50. Jua likilikausha likabaki nusu mita, inapanda mpaka gramu 120. Kwenye ziwa la kawaida sentimita 20 ni habari ya wavuvi kusogeza mitumbwi, kwenye ziwa la chumvi la kina kifupi ni dunia nyingine kwa kila kinachoishi humo.

Ndo maana ule msemo wa mvua ni baraka na jua ni balaa hapa haufanyi kazi. Maji yakizidi wapo wanaokufa, yakipungua wapo wanaokufa, na si walewale.

Simika mti wa kupimia

Tafuta sehemu ambayo maji hayaondoki hata wakati wa jua kali, piga mti wima mpaka ushike kwenye tope gumu. Mti, sio chuma. Mi mara ya kwanza nilijifanya fundi, nikachukua mbao nzuri nikapigilia misumari kila sentimita tano ili iwe alama, nikaona nimemaliza. Haikupita muda misumari yote imeliwa, mingine nilikuta imebaki doa jekundu tu kwenye mbao, nikakaa pale nacheka peke yangu maana kuanzia hapo ukinyoosha macho unayaona mabaki ya kile kiwanda cha chumvi cha Katwe, nacho kilishindwa kwa sababu hiyohiyo, maji haya yalikula mabomba yake. Kiwanda kizima kimeshindwa na mi na misumari yangu ya duka la rejareja nikadhani nitaweza!

Kwa hiyo chonga alama kwa kisu au choma kwa chuma cha moto, kila sentimita 5 mstari mfupi na kila 50 mstari mrefu. Rangi ya mafuta inabanduka, usihangaike nayo.

Halafu fanya kitu ambacho karibu wote tunasahau, tafuta jiwe kubwa au msingi wa nyumba nje ya maji, mahali pasipoondoka, uliwekee alama na upime tofauti ya urefu kati ya alama hiyo na sifuri ya mti wako. Mpira wa uwazi wenye maji ndani, ule mafundi wa nyumba wanatumia kupata usawa, unatosha kabisa. Sababu ni kwamba mti utaondoka. Utaangushwa, utaibiwa ukawa kuni, mwingine nyati atajikuna nao. Ukiwa na alama kwenye jiwe unasimika mwingine unaendelea na hesabu ileile, usipokuwa nayo daftari lako lote la mwaka linakuwa hadithi.

Soma mti siku moja kila wiki, asubuhi kabla upepo haujaanza, maana upepo wa mchana unasukuma maji upande mmoja na utadhani ziwa limepanda kumbe limeinama tu.

Pima pia ufukwe kwa miguu. Munyanyange pembeni ni tambarare sana, na pahali tambarare hesabu inakwenda hivi, kama ardhi inashuka mita moja kwa kila mita mia ukitembea, basi maji yakishuka sentimita 10 tu ufukwe unarudi nyuma mita 10. Kwa hiyo picha ya simu inaweza kukudanganya, mtu anaposti "ziwa limekauka jamani" kumbe limeshuka upana wa kiganja, na mwaka mwingine anaposti limefurika kumbe ni kiganja hichohicho kimerudi. Piga picha, ndio, ila kila mara usimame palepale, simu iangalie palepale, na mti uonekane ndani ya picha.

Pima ukali wa chumvi bila maabara

Kipimo cha shangazi ni yai. Nilimkuta siku moja asubuhi amechuchumaa kwenye ukingo wa kidimbwi chake, kanga ameikaza kiunoni, mkononi ana sahani ya bati na yai la kuku wa kienyeji, akalishusha taratibu kwenye maji kama mtu anayelaza mtoto. Likazama, likagusa tope, likatulia. Hakusema kitu. Akalitoa, akalifuta kwenye kanga, akasogea kidimbwi cha tatu ambacho kilishakaa juani siku nyingi, akalishusha tena, likaelea na kichwa kikatoka nje kama shilingi. "Hiki wiki hii," akasema, "kile pale mvua imeshanikosesha."

Nilipomuuliza, "Shangazi, sasa yai likizama maana yake chumvi ni kiasi gani?" akaniangalia akasema, "Maana yake hakuna chumvi, wewe mtoto."

Basi jibu la vitabuni ni hili, yai bichi lisilozeeka linaanza kuelea maji yakifika chumvi kama asilimia 10 au 11. Baharini Mombasa chumvi ni asilimia 3 na nusu, yai linazama. Kwa hiyo yai linakupa jibu moja tu, umevuka mstari au hujavuka. Zingatia yai liwe la jana au leo, yai bovu linaelea hata kwenye maji ya kunywa na utajidanganya.

Ukitaka namba nenda kwa fundi wa betri za gari mjini. Ana kile kichupa cha kioo chenye mpira juu, anafyonza asidi anaangalia kijiti kinaelea wapi. Kinapima uzito wa maji, na maji ya chumvi kali yanaingia kwenye vipimo vyake bila shida, kuanzia 1.100 kwenda juu. Muombe cha zamani, kioshe mara nyingi sana kwa maji safi kabla ya kutumia maana kina mabaki ya asidi, na asidi ikikutana na haya maji ya magadi inatoa povu. Pima maji yakiwa na ubaridi wa asubuhi kila mara, maji ya moto yanasoma pungufu.

Kwa ziwa lisilo kali sana, mfano Munyanyange baada ya mvua, hicho kichupa hakitasoma kitu. Hapo chukua maji mililita 100, chuja kwa kitambaa, weka kwenye sahani nyeusi, anika mpaka pakauke kabisa, pima ule unga kwenye mizani ndogo ya wauza dhahabu au ya jikoni. Zidisha kwa kumi ndo gramu kwa lita, si kamili kama ya maabara lakini ukifanya vilevile kila mwezi utaona inapanda au inashuka, na wewe hicho tu ndo unakitafuta.

Sasa soma rangi, hapa ndo penye habari

Mti na yai vinakwambia maji yamefanya nini, rangi inakwambia walioishi humo wamefanya nini, na hapa tulia kidogo usikimbie.

Maji ya kijani kizito, kama mboga ya sombe (majani ya muhogo) iliyosagwa, ukiyachota kwenye glasi yana uzi uzi mdogo, hiyo ni spirulina, kimwani kidogo ambacho kwa darubini kinaonekana kimejisokota kama springi. Ndo chakula cha flamingo mdogo. Mdomo wake una vichujio, anaugeuza juu chini anasukuma maji na ulimi, kimwani kinabaki, na rangi yake ya waridi inatoka humohumo kwenye chakula. Spirulina inapenda maji ya magadi yenye chumvi ya kati, kama gramu 20 mpaka 70 kwa lita hivi. Nje ya hapo haifi siku hiyohiyo, inapungua na wengine wanaingia.

Maji yakipanda na chumvi ikashuka chini ya hapo, kijani kinakuwa chepesi, mara nyingine maji yanageuka kahawia au yanakuwa na uwazi mpaka unaona vidole vya miguu. Wageni wanasema "maji yamekuwa mazuri." Mazuri kwa nani? Humo sasa kuna vimwani vingine, vingi si saizi ya kichujio cha flamingo mdogo au havina lishe ileile, na tope lililoletwa na mafuriko linazuia mwanga kwa hiyo hata chakula kilichobaki hakikui vizuri.

Maji yakishuka na chumvi ikapanda sana, kijani kinakufa na kinakuja chekundu, waridi iliyoiva au kama juisi ya bitiruti, hao ni viumbe vidogo sana vinavyopenda chumvi ya kupindukia. Ukiona rangi hiyo kwenye vidimbwi usishangae, ni kawaida. Ukiiona ziwa zima ambalo mwezi uliopita lilikuwa kijani, andika tarehe kwa herufi kubwa.

Na kuna hali ya tatu ambayo inawachanganya watu. Mvua kubwa ikinyesha ghafla, maji matamu ni mepesi yanakaa juu, maji ya chumvi mazito yanabaki chini, hayachanganyiki, kama mafuta juu ya mchuzi. Juu utapima na kusema chumvi imeisha, chini iko palepale. Ile tabaka ya chini haipati hewa, mizoga inaoza humo bila oksijeni na gesi ya yai bovu inajikusanya. Siku upepo mkali ukichanganya yote, harufu inafika mpaka stendi, na kama kuna samaki au wadudu wa maji wanaelea juu asubuhi. Kwa hiyo usichote juu tu. Funga chupa kwenye mti mrefu, izibe kwa kizibo chenye kamba, izamishe mpaka chini ndo uvute kizibo, ikijaa ipandishe. Linganisha na ya juu. Ndo kazi rahisi kuliko zote na hakuna anayeifanya.

Halafu wadudu, halafu ndege, kwa mpangilio huo

Chuchumaa ukingoni uangalie nzi wadogo wa chumvi na funza wao kwenye mawe. Hesabu kwa makadirio tu, wengi, wachache, hakuna. Hao ndo nyama ya vile vijindege vya miguu mirefu vinavyokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi.

Wa kutufundisha umuhimu wa nzi ni Great Salt Lake kule Marekani. Miaka mingi maji ya mito yake yamechukuliwa mashambani na mijini, ukame ukaongeza, mpaka Novemba 2022 likafika chini kuliko wakati wowote tangu waanze kulipima. Chumvi ikapanda mpaka karibu asilimia 19 na uduvi wa chumvi na nzi wakaanza kuelemewa. Lakini si chumvi peke yake, nzi wa kule wanakua wakiwa wamejishika kwenye vijiwe vilivyojengwa na vimwani chini ya maji, maji yaliposhuka vijiwe vikabaki nje juani, vikakauka, nyumba ya nzi ikaisha. Mamilioni ya ndege wanategemea hao nzi na uduvi. Na kuna kitu kingine hapo, mwaka 1959 walijenga tuta la reli katikati ya hilo ziwa, upande wa kaskazini haupati mto wa maana ukawa wekundu wa chumvi, wa kusini ukabaki na uhai. Ziwa moja, maji mawili. Kwa hiyo kwenye ziwa lako kama kuna barabara, tuta au hata safu ya vidimbwi inayokata maji, pima pande zote mbili.

Sasa ndege. Usihesabu tu wangapi, angalia wanafanya nini. Flamingo wametawanyika vichwa chini wanatembea taratibu, wanakula, hali ni nzuri. Wamesimama makundi makundi vichwa juu, wanarukaruka kutoka kona moja kwenda nyingine, wanatafuta. Wamejazana mdomoni mwa chemchemi, wanakunywa na kuoga maji matamu, hiyo nayo ni lazima kwao, ila maji yakipanda chemchemi inafunikwa na wanakosa bomba. Wakiondoka wanaondoka usiku, kwa hiyo asubuhi utakuta tope tupu lenye nyayo na manyoya, na utasema wamekufa. Hawajafa, wamehama.

Ndege ambao hukuwazoea pia wanasema kitu. Wakitokea mwari au ndege wengine wala samaki kwenye ziwa lisilokuwa na samaki, nenda kaangalie, chumvi imeshuka. Ziwa Nakuru ni mfano mkubwa kwa jirani zetu wa Kenya. Kuanzia kama mwaka 2010 maji yakawa yanapanda, ziwa likatanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi mpaka karibu 70, geti kubwa la hifadhi likaingia majini, ile misitu ya migunga ya rangi ya manjano ikafia imesimama ndani ya maji, chumvi ikazimuliwa na flamingo waliokuwa wanafunika ufukwe wote wakapungua sana wakatawanyika maziwa mengine. Hakuna aliyewafukuza, chakula kiliyeyuka.

Kuzaa ndo shida zaidi. Flamingo mdogo hazai kwetu Uganda, anakuja kula tu. Kama robo tatu ya flamingo wadogo wa dunia nzima wanaanguliwa Ziwa Natron, Tanzania, wanajenga viota vya tope kama visufuria vilivyopinduliwa katikati ya magadi. Maji yakipanda kidogo viota vinazama na mayai. Yakishuka sana fisi na mbweha wanatembea kwa miguu mpaka kwenye mayai. Mono Lake ya California iliwatokea hivyohivyo kwa shakwe. Mji wa Los Angeles ulianza kuchukua mito ya ziwa hilo mwaka 1941, mpaka 1982 maji yalikuwa yameshuka karibu mita 14, na mwaka 1979 kisiwa kikubwa cha kuzalia kilishaungana na nchi kavu, koyoti, wale mbweha wa kule, wakavuka, shakwe wakakiacha. Mwaka 1994 ndo mamlaka ya maji ya California ikaamua ziwa lipandishwe. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka na swali hili, kisiwa bado ni kisiwa? Ukiweza kuvuka maji yakiwa chini ya goti, fisi naye anaweza.

Linganisha maziwa mawili, usikae na moja

Hii ndo faida yetu sisi wa huku ambayo wengine hawana. Katwe na Munyanyange ni majirani wa kutembea kwa mguu, mvua ni ileile, jua ni lilelile, na majibu ni tofauti. Munyanyange ni la kina kifupi sana, wakati wa jua linakauka likabaki ukoko mweupe, mvua ikija linajaa kijani kinaanza ndege wanashuka. Katwe chumvi ni kali kupita kiasi, mvua ikija shangazi analia maana vidimbwi vinafunikwa, kuta za tope zinabomoka, na ile mahonde, chumvi ya mawe ambayo vijana wanaibandua chini ya ziwa wakiwa ndani ya maji mpaka kifuani, inakuwa ngumu kuifikia. Msimu mzuri wa ndege na msimu mzuri wa chumvi havifanani, na mtu akikwambia "ziwa liko vizuri" muulize vizuri kwa nani.

Ongeza la tatu ukiweza. Ziwa Nyamunuka wanakuja nyati, harufu yake ya gesi inakupokea ukiwa mbali. Ziwa Bunyampaka nako wanachimba chumvi, uliza wachimbaji mwaka gani walipoteza viwanja kwa maji, watakwambia bila kufikiri.

Na uliza wazee. Daftari lako lina mwaka mmoja, wao wana sitini. Waulize zile mvua za miaka ya uhuru, 1961 kuendelea, maziwa ya Afrika Mashariki yote yalipanda. Halafu waulize 2019 mwishoni mpaka 2020, wakati Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto, mvua ikapitiliza, mto Nyamwamba ukavunja kingo hapa Kasese na Ziwa Victoria kwenye kipimo cha Jinja likafika mita 13.42 Mei 2020, likapita rekodi ya 1964. Banange ile mvua! Muulize mzee maji yalifika mti gani, ukuta gani, nenda na kamba upime kutoka kwenye alama yako ya jiwe. Mzee mmoja anaweza kukupa pointi mbili za grafu yako ambazo huwezi kuzinunua.

Mambo ya kukuepusha na balaa

Sehemu kubwa ya haya maziwa iko ndani au kando ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kwa hiyo ongea na UWA, mamlaka ya wanyamapori, kwanza, usionekane unachomeka miti usiku. Vaa gambuti, maji yanakausha ngozi na kuwasha vidonda, yakikuingia jichoni osha kwa maji safi mengi, beba jerikani ndogo ya maji ya kunawa kila safari. Usitembee juu ya ukoko mweupe ulioachwa na maji yaliposhuka, juu umekauka kama chapati chini ni tope laini linalofika kiunoni, rafiki yangu aliacha kiatu humo mpaka leo. Siku ya upepo kwenye ufukwe uliokauka funga kitambaa puani, lile vumbi jeupe si la kuvuta. Na jioni viboko wanatoka Edward kula majani, usijifanye unasoma mti saa moja usiku.

Flamingo wape mita mia na zaidi. Kila unapowarusha wanachoma nguvu waliyoitafuta masaa, na kama chakula kimepungua hiyo moja inaweza kuwa ndo inayowaondoa.

Namna ya kuandika

Safu sita zinatosha, tarehe, mti, mvua ya wiki, chumvi juu na chini, rangi, wadudu na ndege. Mvua pima kwa chupa ya maji ya dukani, kata shingo, igeuze iwe mdomo wa kuingilia, weka rula. Usiandike "kawaida", baada ya miezi sita hutakumbuka kawaida ilikuwa nini. Andika unachoona, hata kwa maneno ya jikoni, mi rangi zangu naandika sombe, chai ya rangi, chai ya maziwa, bitiruti, na zinanitosha.

Mfano wa mstari mmoja ungekuwa hivi: "Jumatatu. Munyanyange. Mti 45, wiki jana 38. Mvua siku tatu. Yai linazama juu na chini. Rangi ilikuwa sombe sasa chai ya maziwa. Nzi wachache. Flamingo wapo ila vichwa juu, wamejazana kona ya chemchemi."

Mtu akinipigia siku hiyo kuniuliza kama flamingo wapo nitamwambia wapo, lakini kama unakuja wiki ijayo usilipie nauli kwanza, nipigie tena Ijumaa.